Windows, macOS au Linux: mfumo upi utaelewana na vifaa vyako?

Muulize mtu yeyote wa kompyuta ni mfumo endeshi upi unaokubali vifaa vingi zaidi, atakujibu "Windows" kabla hujamaliza kuuliza. Muulize mwenye laptopu ya mwaka 2012 ambayo bado inapiga kazi, atakwambia "Linux" na kukuona wewe ndiye uliyepitwa na wakati. Mwenye Mac naye atashangaa swali lenyewe limetoka wapi, maana kwake kila anachochomeka kinakubali. Wote watatu wana hoja, ila hakuna aliyekusaidia. Wewe una laptopu moja, printa moja, skrini ya ziada, pengine na kadi ya sauti au mashine ya kazi. Hivyo ndivyo vinavyotakiwa kuelewana, na mamilioni ya vifaa vya watu wengine havikuhusu.

Kwa hiyo swali ninalolirudia hapa kwa kila mfumo ni hili: draiva ya kifaa hiki (programu inayouwezesha mfumo kuongea nacho) imeandikwa na nani, na ataitunza mpaka lini? Ukishalijibu, mengi yanayobaki hujieleza yenyewe.

Ninaolinganisha ni Windows 11, macOS na Linux. ChromeOS Flex (mfumo wa Google wa kompyuta za kawaida) na FreeBSD (mfumo huria wa familia ya Unix) nimezipa nafasi ndogo kwa sababu watu wanaozifikiria ni wachache, na wengi wao tayari wanajua wanachokitafuta. Linux nimeichukua kwa jumla yake: tofauti kati ya distro moja (Linux iliyofungashwa, kama Debian, Fedora au Ubuntu) na nyingine katika suala la vifaa ni ndogo kuliko watu wanavyobishana, na mara nyingi inahusu tu kerneli (kiini cha mfumo) iliyomo ni ya lini.

Vigezo

Nimepima kwa mambo matano. La kwanza ni chanzo cha draiva. La pili ni umri: mashine itakubaliwa mpaka iwe na miaka mingapi. La tatu ni michoro na skrini. La nne ni yale mambo madogo ya laptopu yasiyotajwa kwenye matangazo, kama Wi-Fi, kulala na kuamka, kamera na kisoma alama za vidole. La tano ni vifaa vya kuchomeka: printa, skana, diski za nje, vifaa vya studio na vya kazi maalumu. Bei sijaigusa, wala programu, ingawa najua programu moja tu inaweza kumfunga mtu kwenye mfumo mmoja miaka yake yote.

Draiva inatoka wapi

Kwenye Windows, mtengenezaji wa kifaa ndiye anayeandika draiva. Microsoft huitia saini, kisha inamfikia mtumiaji kupitia Windows Update au tovuti ya mtengenezaji. Saini si hiari: tangu Windows Vista ya biti 64, mfumo hukataa kupakia draiva ya kerneli isiyotiwa saini. Faida ya utaratibu huu ni kubwa, kwani ni nadra kukuta kifaa kipya sokoni kisicho na draiva ya Windows. Hasara yake huja baadaye. Mtengenezaji akifilisika, au akiamua tu kwamba sasa ununue toleo jipya, draiva yako inabaki pale ilipoishia. Skana iliyoandikiwa draiva ya biti 32 enzi za Windows XP haina pa kwenda kwenye Windows 11, kwa kuwa Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa.

Kuna mtego mwingine kwa wanaonunua laptopu mpya za Windows zenye prosesa za Snapdragon. Programu zilizoandikiwa Intel na AMD zinaendeshwa humo kupitia kigeuzi kiitwacho Prism, na nyingi zinakwenda vizuri. Draiva hazigeuzwi. Kama mtengenezaji hajaandika draiva ya ARM64, yaani ya prosesa za aina hiyo, kifaa chako kimelala hapo hapo.

Kwenye macOS, Apple anatengeneza kompyuta na anaandika draiva zake mwenyewe, kwa hiyo ndani ya boksi hakuna cha kutafuta. Nje ya boksi, mambo yanategemea viwango vya pamoja. Kibodi, kipanya, kamera ya USB na kadi ya sauti inayofuata kiwango cha USB vinafanya kazi bila kusakinisha chochote. Kifaa kinachohitaji draiva yake maalumu ndicho chenye safari ngumu. Tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, Apple amekuwa akiziondoa draiva za watu wa nje kwenye kerneli na kuzisogeza kwenye mfumo mwingine uitwao DriverKit. Kwenye Mac zenye chipu za Apple, ukitaka kupakia draiva ya mtindo wa zamani, inabidi uzime mashine, uiwashe kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, uingie sehemu ya urejeshaji na ushushe kiwango cha usalama wewe mwenyewe. Ukikuta maelekezo ya mtengenezaji yanakutaka ufanye hivyo, hiyo ni dalili kwamba draiva hiyo haijaandikwa upya, na ningefikiri mara mbili kabla ya kununua.

Linux imekwenda njia ya tatu. Draiva nyingi zinaishi ndani ya kerneli yenyewe, katika msimbo mmoja unaosimamiwa na Linus Torvalds tangu alipouanzisha mwaka 1991. Draiva ikishaingia humo, inasafiri na kila toleo jipya, na mtu mwingine anaweza kuitunza hata kama aliyetengeneza kifaa hayupo tena. Ndiyo maana vifaa vya zamani vinaishi sana kwenye Linux, na ndiyo maana ukichomeka kifaa cha kawaida hakuna diski wala faili la kupakua.

Shida ziko pande mbili. Kifaa kipya mno kinaweza kuwa kimetangulia kerneli uliyonayo. Anayesakinisha Debian tulivu kwenye laptopu iliyotoka mwezi uliopita anajitafutia maudhi, wakati Fedora, au Ubuntu yenye kerneli ya karibuni, ingeweza kuitambua bila maneno. Upande wa pili ni draiva zinazokaa nje ya kerneli. Waandishi wa kerneli hawatoi ahadi kwamba mambo ya ndani yatabaki yalivyo, hivyo draiva ya nje hulazimika kujengwa upya kila kerneli inapobadilika. Kuna zana iitwayo DKMS inayofanya kazi hiyo kimyakimya, mpaka siku inaposhindwa na ukaamka huna Wi-Fi.

Jambo moja lililowasumbua watu kwa miaka limepungua. Kadi nyingi za Wi-Fi na za michoro zinahitaji programu dhibiti (programu ndogo za kifaa chenyewe) ambazo si huria, na Debian ilikuwa haiziweki kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji. Tangu Debian 12 ya Juni 2023, zimo.

ChromeOS Flex ni fupi kuieleza: draiva ni zile Google alizoweka, na huna namna ya kuongeza nyingine. FreeBSD ina waandishi wachache zaidi, na kwa michoro inaazima draiva za Linux za AMD na Intel kupitia kifurushi kiitwacho drm-kmod, hivyo huwa nyuma yake kwa muda fulani.

Umri wa mashine

Hapa tofauti ni za wazi, na tarehe zinajulikana. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 ikiwa na masharti ambayo Windows haikuwahi kuyaweka kabla: TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya kompyuta), Secure Boot (ukaguzi wa mfumo wakati wa kuwaka), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha rasmi. Kwa Intel orodha hiyo inaanzia karibu kizazi cha nane, na kwa AMD inaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Laptopu nzuri ya mwaka 2016 yenye RAM ya GB 16 ikabaki nje, huku kompyuta dhaifu ya mwaka 2019 ikiingia. Windows 10 iliyokuwa kimbilio la mashine hizo ilimaliza huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa mtumiaji binafsi aliyejiandikisha, masasisho ya ziada ya usalama yanaishia Oktoba 2026.

Njia za kukwepa ukaguzi zipo na zinajulikana. Mimi sizipendekezi kwa kompyuta ya kazi, kwa kuwa Microsoft haihakikishi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho. Na kuna mahali ambapo ujanja unagonga ukuta: toleo la 24H2 linadai maagizo ya SSE4.2 na POPCNT ndani ya prosesa, kwa hiyo prosesa kongwe isiyokuwa nayo haiwaki kabisa.

Apple naye ana ukingo wake. Chipu ya M1 ilikuja Novemba 2020, na mwaka 2025 Apple alitangaza kwamba macOS 26 Tahoe ndilo toleo la mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Hata hiyo Tahoe inakubali Mac chache tu za Intel, za mwaka 2019 na 2020. Kwa hiyo Mac ya Intel iliyotumika, inayouzwa leo kwa bei ya kuvutia, ni mashine inayokaribia mwisho wa njia yake kwa upande wa macOS. Sifa ya Apple ni kwamba hakuna cha kukisia: mashine iko kwenye orodha ya toleo jipya au haipo.

Linux ndiyo yenye uvumilivu mkubwa kuliko zote, ingawa nayo ina kikomo. Prosesa za 386 ziliondolewa kwenye kerneli ya 3.8 mwaka 2013, na Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Lakini mashine yoyote ya biti 64, hata ya mwaka 2009, ina uwezekano mkubwa wa kuwaka na kutambua sehemu zake zote. Wanaowapa watu ushauri huu husahau nusu ya pili: kuwaka si kutumika. Kivinjari cha leo chenye kurasa kumi kinaimaliza RAM ya GB 2 hata kama mfumo chini yake ni mwepesi kama unyoya.

ChromeOS Flex inahitaji RAM ya GB 4 na diski ya GB 16, na Google anachapisha orodha ya modeli zilizothibitishwa, kila moja na mwaka wa mwisho wa huduma. Angalia mwaka huo kwanza.

Michoro na skrini

Windows inashika kila kadi: NVIDIA, AMD, Intel, mpya kwa za zamani. Draiva hutoka siku kadi inapoingia sokoni, pamoja na programu za kurekebisha kila kitu mpaka rangi za taa. Kwa michezo na kwa kazi za NVIDIA zinazotegemea CUDA (zana yake ya kufanyia hesabu kwenye kadi), hakuna anayeitilia shaka.

macOS haina suala la kadi, kwa sababu kadi huchagui. Michoro imo ndani ya chipu. Kadi za nje hazikubaliwi kwenye Mac zenye chipu za Apple, na NVIDIA walibaki nyuma tangu enzi za macOS High Sierra ya mwaka 2017. Kinachowakamata watu ni idadi ya skrini. MacBook Air ya M1 au M2 inaendesha skrini moja tu ya nje. Ya M3 inaendesha mbili ukiifunga kifuniko, na ya M4 inaendesha mbili huku kifuniko kikiwa wazi. Ongeza na hili: macOS haigawi mkondo mmoja wa DisplayPort kwa skrini kadhaa zilizounganishwa kwa mfululizo, jambo ambalo Windows na Linux hulifanya kila siku. Ukinunua doki (kisanduku cha kuongeza matundu ya laptopu) yenye matundu mawili ya skrini inayotegemea mgawanyo huo, kwenye Windows utapata picha mbili tofauti, na kwenye Mac utapata picha moja iliyorudiwa. Doki haina kosa. Ni vizuri kujua kabla ya kurudi nayo kwa muuzaji ukiwa umekasirika.

Kwenye Linux, jibu linategemea jina lililoandikwa kwenye kadi. AMD na Intel wana draiva huria ndani ya kerneli: unasakinisha mfumo na skrini iko tayari. NVIDIA ni simulizi ndefu zaidi. Mwaka 2012 Torvalds aliwashambulia hadharani kwa matusi wakati akizungumza Finland, na mwaka 2022 kampuni ikafungua sehemu ya kerneli ya draiva yake kwa kadi za kizazi cha Turing kwenda juu. Leo NVIDIA kwenye Linux inafanya kazi vizuri kwa watu wengi, lakini ni kitu unachosakinisha na kukisimamia, na kadi za zamani kama mfululizo wa GTX 900 na GTX 10 zinaachwa na matoleo mapya ya draiva rasmi.

Hata AMD ana doa moja. Mwaka 2024 wasimamizi wa kiwango cha HDMI walikataa draiva huria ya AMD iwe na HDMI 2.1. Ukitaka kuendesha televisheni ya 4K kwa mizunguko 120 kwa sekunde, hapo ndipo utakapokwama. Kwa skrini za kompyuta, tumia tundu la DisplayPort na hutalisikia tatizo hilo kamwe.

Mambo madogo ya laptopu

Sehemu hii ndiyo huamua kama mtu atabaki na mfumo au ataukimbia baada ya wiki mbili.

Kulala na kuamka kwanza. Mac hulala vizuri kuliko zote. Unafunga kifuniko, unafungua kesho, chaji imepungua kidogo. Laptopu nyingi mpya za Windows hutumia mtindo wa usingizi mwepesi ambamo mashine huendelea na kazi ndogondogo, na malalamiko ya laptopu kukutwa ya moto ndani ya begi ni ya siku zote. Linux hurithi mtindo huo huo kwa kuwa umewekwa na watengenezaji wa laptopu wenyewe, na matokeo yanatofautiana modeli kwa modeli. ThinkPad nyingi hulala vizuri. Kuna laptopu nyingine ambazo zikilala zimelala.

Kamera ya kawaida ya USB haina shida popote. Ila baadhi ya laptopu nyembamba zenye prosesa za Intel za miaka ya karibuni zimeacha kamera za namna hiyo na kutumia mfumo uitwao IPU6, na hizo zimewatesa sana watu wa Linux. Visoma alama za vidole navyo ni bahati nasibu kwenye Linux: mradi wa libfprint una orodha ya vilivyokubaliwa, uitazame kabla. Kwenye Windows vyote hufanya kazi, na kwenye Mac kipo kimoja tu nacho ni cha Apple.

Wi-Fi ya Intel ni salama kwenye Windows na Linux. Broadcom ni jina la kuliogopa ukiwa na Linux. Na kwenye FreeBSD, Wi-Fi ndiyo sababu kubwa ya watu kuikubali kwenye seva na kuikataa kwenye laptopu. Binamu yake OpenBSD iliondoa Bluetooth kabisa mwaka 2014, na hadi sasa haoni sababu ya kuirudisha.

Kuhusu programu dhibiti za mashine yenyewe, Linux imepiga hatua ambayo wengi hawaijui. Huduma ya LVFS na zana yake fwupd huleta masasisho hayo moja kwa moja kwa laptopu za Dell, Lenovo, HP na wengine, bila kuhitaji Windows. Miaka kumi na mitano iliyopita ulilazimika kutunza Windows pembeni kwa ajili hiyo tu.

Printa, diski na vifaa vya kazi

Printa mpya ya mtandao haitakusumbua tena katika mfumo wowote. Apple alileta AirPrint mwaka 2010, wengine wakafuata viwango vinavyofanana nayo, na leo printa nyingi huchapa bila draiva ya mtengenezaji. macOS na Linux zote mbili huchapa kupitia CUPS (programu huria ya kuchapisha), ambayo Apple aliinunua mwaka 2007. Microsoft nao walitangaza mwaka 2023 kwamba wanaachana polepole na draiva za printa za watengenezaji kupitia Windows Update. Mwelekeo ni mmoja.

Printa ya zamani ya USB ndiyo yenye maneno. Za HP hufanya vizuri kwenye Linux kwa sababu HP wenyewe wanatoa HPLIP, draiva zao za Linux. Baadhi ya printa za bei ya chini zinazoitegemea kompyuta ifanye hesabu zote hazitaki kusikia chochote zaidi ya Windows. Skana ngumu kuishi nayo kwenye Windows 11 inaweza kufufuka kwenye Linux kupitia SANE (mkusanyiko wa draiva huria za skana), ambayo huhifadhi orodha ya modeli kwa namba zake.

Diski za nje: exFAT (mpangilio wa kuhifadhi mafaili kwenye diski) husomwa na kuandikwa na mifumo yote mitatu, kwa hiyo ukiwa na mashine mchanganyiko ichague hiyo. NTFS, mpangilio wa kawaida wa Windows, inaandikwa na Windows, na Linux ina draiva yake ndani ya kerneli tangu toleo la 5.15 la mwaka 2021, lakini macOS huisoma tu bila kuandika.

Kadi za sauti zinazofuata kiwango cha USB zinakwenda popote, na hapa macOS ndiyo raha zaidi kwa wanamuziki, kwani Windows kwa kawaida inadai draiva ya ASIO ya mtengenezaji ili sauti isichelewe. Tableti za kuchorea za Wacom zimo kwenye kerneli ya Linux kwa miaka mingi. Lakini ukija kwenye mashine za kukata vyuma, vipima vya maabara, vifaa vya kusoma kompyuta za magari, na funguo za USB zinazolinda programu ghali, mazungumzo ni mafupi. Waliotengeneza vitu hivyo waliandika draiva ya Windows, wakafunga daftari.

Namna ya kujua kabla hujajifunga

Linux ina jambo moja ambalo mifumo mingine mikubwa haina: unaijaribu nzima kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski. Iwashe hivyo, kisha andika amri hii:

lspci -nn | grep -i network

Utapata mstari mmoja. Sehemu unayoitaka ni mabano ya mwisho, kwa mfano [14e4:43a0]. Namba ya kwanza ni ya kampuni, ya pili ni ya kifaa. 14e4 ni Broadcom, na 43a0 ni kadi ya BCM4360 iliyowekwa kwenye MacBook kadhaa za zamani. Haina draiva kamili ndani ya kerneli. Inataka kifurushi cha nje, broadcom-sta-dkms kwenye Debian, na utahitaji intaneti ya waya au ya simu kukipakua. Umejua yote hayo kwa mstari mmoja, kabla ya kufuta kitu.

Namba hizo hizo ziko kwenye Windows. Fungua Device Manager, bofya kifaa chenye pembetatu ya njano, nenda Details, chagua Hardware Ids, utaona VEN_14E4&DEV_43A0. Kompyuta isiyojua jina la kifaa huwa inazijua namba zake. 8086 ni Intel (walijipa namba ya prosesa yao ya mwaka 1978), 10de ni NVIDIA, 1002 ni AMD, na 10ec ni Realtek. Tafuta intaneti kwa jozi hiyo ya namba badala ya jina lililoandikwa kwenye boksi, kwani watengenezaji hubadilisha chipu ndani ya bidhaa ileile bila kubadilisha jina.

Kwa macOS huna cha kujaribu mpaka uwe na Mac mkononi. Nenda ukurasa wa mtengenezaji wa kifaa chako na utafute mambo mawili: toleo la macOS la mwisho alilolitaja, na kama anataja chipu za Apple kwa jina. Ukurasa unaoishia kwenye Catalina umeshakujibu.

Kulingana na hali yako

Una kifaa kimoja kinacholeta riziki, na mtengenezaji wake anataja Windows pekee: chukua Windows, na laptopu iwe ya Intel au AMD, isiwe ya Snapdragon mpaka uone draiva ya ARM64 kwa macho yako. Mwenye kucheza michezo mipya na mwenye kubadilisha kadi za michoro kila baada ya miaka michache wako kundi hili pia.

Unanunua mashine mpya, vifaa vyako ni vya kawaida, na hutaki kujua neno draiva maana yake nini: Mac inakufaa, mradi umehesabu skrini zako kwanza na umekubali kwamba RAM uliyonunua siku ya kwanza ndiyo utakayozeeka nayo.

Una kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 lakini bado ina nguvu: Linux, baada ya kuijaribu kwa fleshi siku nzima. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, na uifunge kifuniko uone kama itaamka. Kama ni ya mzazi au ya mtu anayetumia kivinjari tu, na modeli yake imo kwenye orodha ya Google, ChromeOS Flex itakupunguzia simu za kuomba msaada.

Unataka laptopu mpya kwa ajili ya Linux: nunua inayouzwa ikiwa na Linux tayari au iliyothibitishwa na Ubuntu, yenye Wi-Fi ya Intel na michoro ya AMD au Intel. Kuchagua vifaa kwa ajili ya mfumo ni kazi rahisi kuliko kuulazimisha mfumo ukubali ulichonunua kwanza. FreeBSD iache kwa kompyuta ya mezani yenye waya wa mtandao, na kwa mtu anayeitaka kwa sababu zake.

Na kama unaipenda Linux au Mac lakini umebaki na kifaa kimoja cha Windows, usihame kwa ajili yake. Kifaa cha USB kinaweza kupitishwa ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta yako) yenye Windows na kikafanya kazi kama kawaida. Kwenye Mac mpya kumbuka kwamba Windows hiyo ya ndani ni ya ARM, kwa hiyo sharti la draiva ya ARM64 linarudi palepale. Kadi iliyopachikwa ndani ya kompyuta ni habari nyingine; hiyo iachie kompyuta yake ya zamani pembeni, na kama Windows iliyomo haipati tena masasisho, ichomoe kwenye intaneti na uhamishe mafaili kwa fleshi.